Hodi ya Inspekta

Katika msiba wa Dada Rehema, ukumbini Burnsville, huku Marekani, watu walimsema sana binti yake. Walikuwa kwenye foleni ya pilau, sahani mkononi, wakiulizana ni mtoto wa namna gani huyo anayewapigia watu simu na kuwatupia kifo usoni, bila hata kuuliza kama wamekaa, kama wana presha, kama wako peke yao. "Sisi hatukulelewa hivyo," alisema Bi Mwajuma, ambaye sasa amevuka miaka themanini na anatembea kwa kushikilia kigari. "Mama yake Rehema alipofariki, Rehema tulimwambia kwa adabu. Tulimkalisha, tukaenda naye polepole. Muulizeni Asteria, alikuwepo." Wote wakanigeukia. Niliitikia kwa kichwa, nikajaza wali mdomoni ili nisiombwe kuongeza neno. Hiyo adabu anayoisifia Bi Mwajuma ilikuwa maigizo matupu, na tuliojua hivyo tulikuwa wawili. Mmoja tulikuwa tumetoka kumzika mchana ule. Sasa hakuna wa kunisuta, kwa hiyo nitausema mwaka ule ulivyokuwa, na nitaanzia kwenye kanda, kwa sababu bila zile kanda nisingepata maneno ya kufanyia nilichokifanya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na Dada Rehema tulikaa Richfield, ghorofa ya pili, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita tulisimamisha kanda, tukangoja, tukarudisha nyuma kidogo, tukaendelea. Yeye alikuwa na miaka kama thelathini na minane, amesomea uuguzi Leipzig, na Kijerumani kilikuwa kimemkaa mdomoni. Mimi nilikuwa na ishirini na nne, na kwake nilikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama majalala ya taka. Sebuleni kulikuwa na kochi la kahawia lililobonyea katikati, meza ya kioo yenye ufa, na juu ya runinga ile deki yake aliyokuja nayo kutoka Ulaya akiwa ameipakata njia nzima. Deki za Marekani hazikubali kanda za Ujerumani. Ukiitia unaona chenga nyeupe tu, kama theluji, na theluji tulikuwa nayo ya kututosha nje. Deki ya Dada Rehema ilikubali kila kitu. Rafiki yake wa chuoni, Gudrun, alikuwa akirekodi michezo ya polisi kwenye televisheni ya kwao na kuituma kwa posta, kanda mbili mbili, zimefungwa kwenye soksi za sufu.

Kila Jumamosi saa nane mchana tulikuwa watatu: mimi, Dada Rehema, na Deo, kijana wa Moshi aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi moja Eden Prairie na kuvaa tai hata siku ya mapumziko. Tunakula kwanza, maharage ya nazi na chapati, au ugali wa unga wa mahindi tuliougombea na Wameksiko dukani kwao. Kisha Dada Rehema anakaa kwenye stuli mbele ya kochi, mgongo kwetu, anatafsiri. Hakuwa anatafsiri neno kwa neno. Alikuwa anaigiza kabisa: sauti nzito ya inspekta, sauti ya puani ya mke wa daktari, sauti ya mlinzi mlevi. Nimeona sinema nyingi tangu hapo na sijapata kumsikia mtu anayemfikia.

Ubishi ulikuwa wetu wa kila wiki: hii michezo ni mizuri au mibovu? Deo alikuwa upande wa mibovu. "Dakika tano nzima mtu anapanda ngazi," alikuwa akisema. "Hakuna ngumi, hakuna gari kulipuka. Inspekta ana koti moja tangu tuanze kutazama. Na muuaji ni tajiri mwenye zulia zuri, kila wiki, mimi nikiona zulia najua." Hakukosea. Nami niliongeza la kwangu, kwamba hakuna msiba. Mtu anauawa, anafunikwa shuka, na tangu hapo hakuna anayemkumbuka ila kama kielelezo. Hakuna jirani anayeleta chungu cha wali. Mjane anabaki peke yake kwenye kochi jeupe akivuta sigara. Dada Rehema alitusikiliza, kisha akasema sisi ni washamba. Uzuri wake, alisema, ni kwamba wanaua kwa sababu za nyumbani. Mtu ananyimwa neno zuri miaka kumi, siku moja anachukua kinara cha mshumaa. Na uzuri mwingine ni inspekta kujua kunyamaza. "Wamarekani wanampiga mtu ndiyo aseme. Huyu anakaa tu. Anakunywa kahawa ya mshukiwa, anamtazama, mpaka mshukiwa mwenyewe anaomba kusema." Alikuwa sahihi, na nilikuja kujua kwa ngozi yangu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo ni la kwetu peke yetu, Wajerumani wenyewe hawalijui. Kijerumani kinamfichua muuaji mapema. Wakisema tu muuaji, neno lenyewe linakwambia ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakisemi. "Alimfuata, akamnyonga, akaondoka." Nani? Huyo huyo aliyeondoka. Kwa hiyo Dada Rehema, aliyekuwa ameshasikia kila kitu, alitubana roho saa nzima kwa hiyo a- moja, na sisi tukawa tunagombana kama ni mume au ni dada mtu. Mchezo wa kawaida kwa Kijerumani ulikuwa unanoga kwa Kiswahili. Akichoka kutucheka, alitufundisha. "Wale kila kitu wamekipa jinsia," alisema siku moja tukila, akiinua vyombo mezani kimoja kimoja. "Kijiko mwanamume. Uma mwanamke. Kisu, si huyu wala yule." Deo akauliza kisu kimekosa nini. Akasema kisu hakina upande, kinamkata yeyote.

Kitu kimoja tulikubaliana wote watatu kuwa ni ubovu usio na utetezi: hodi ya inspekta. Kila kanda ilikuwa nayo. Anapanda zile ngazi zake, anabonyeza kengele, mwanamke anafungua akiwa na aproni, na inspekta, akiwa bado amesimama mlangoni, hajauliza habari za asubuhi, anasema: Ihr Mann ist tot. Mumeo amekufa. Basi. Wala hajamwambia akae. Mara ya kwanza tulipiga kelele hata jirani akagonga ukuta. Kwetu mtu haambiwi hivyo. Kwetu unaambiwa mgonjwa, kisha kazidiwa, watu wanaingia mmoja mmoja na kukaa bila sababu, unalishwa, na mpaka neno lenyewe litamkwe wewe umeshalijua na kuna mikono ya kukudaka. Deo alilifanya lile neno kuwa salamu. Akipiga simu, badala ya halo, anasema Ihr Mann ist tot, nami, ambaye sikuwa na mume, nacheka. Ukiacha maneno machache kama Mutter, mama, ndicho Kijerumani pekee nilichokijua.

Sasa la ngozi yangu. Tangu mwezi wa kumi nilikuwa nimeacha chuo. Nilifeli, nikaona aibu, nikaacha, na sikumwambia mtu. Jumanne na Alhamisi niliondoka na mkoba wa vitabu, nikapanda basi, nikaenda kukaa kwenye maduka makubwa karibu na mahali wanapouza viatu, mpaka saa tisa. Baba yangu alikuwa anajua nakaribia kumaliza. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, kanda imekwisha, Dada Rehema akageuza stuli yake, akatutazama. Akajimiminia chai. Akasema kwa ile sauti nzito ya inspekta, akiniita bibie kwa Kijerumani, "Fräulein Asteria. Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa wapi?" Deo akaanza kucheka. Mimi pia nikacheka, nikasema darasani. Akanyamaza. Akanywa chai. Nikasema darasa la takwimu. Akanyamaza. Nikasema mwalimu alichelewa, tukangoja, niliyekaa naye alikuwa msichana mmoja wa Ethiopia. Hakuna aliyeniuliza hayo yote. Akaweka kikombe chini. "Jumanne chuo chenu kilifungwa," akasema. "Mabomba ya joto yalipasuka. Redio ilitangaza asubuhi nzima." Niliinama, nikaanza kukusanya sahani. Na yeye, badala ya kuishia hapo, akamgeukia Deo, akatafsiri: "Mshukiwa amekiri." Deo alicheka mpaka akalegeza tai.

Niliwaomba wasiseme. Dada Rehema hakusema, hilo nampa. Deo alimwandikia mama yake, na mama yake na baba yangu walikuwa wanasali kanisa moja. Barua ya baba ilifika mwezi wa pili, mistari miwili: asisikie tena nikimwita baba, na nisijisumbue kumwandikia. Hakuniandikia tena mpaka alipokufa. Nilipomwonyesha Dada Rehema ile barua aliisoma akiwa anakaanga vitunguu, akanirudishia, akasema, "Ungesema kweli mwenyewe, ingekuwa nyepesi." Pengine alikuwa sahihi. Lakini alinukia vitunguu na alikuwa na mama wa kumwandikia kila mwezi, na mimi nilimchukia pale pale, jikoni, chuki safi ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu ililia. Dada Rehema alikuwa kazini tangu alfajiri, kwenye nyumba ya wazee. Aliyepiga ni Mjomba Hatibu, kaka wa mama yake, kutoka Tanga, na alinitaka mimi. Kwa jinsi alivyonitaka mimi nikajua. "Mwanangu, Bi Zaina ametutoka alfajiri," alisema. "Tumeshamzika, baada ya alasiri. Sasa wewe usimwambie kitu. Tafuta watu wazima, wakusanyike. Anza na kuumwa. Na uhakikishe amekula." Nikasema ndiyo mjomba, sawa mjomba, pole sana mjomba. Nikampigia Deo, naye akaenda Burnsville kumchukua Bi Mwajuma, ambaye wakati ule ndiye alikuwa mwenye kauli kwa Watanzania wa huku wa dini zote. Barabara ilikuwa imejaa theluji. Bi Mwajuma akasema watafika saa kumi, na mpaka hapo nijikaushe.

Dada Rehema aliingia saa saba. Alikung'uta buti mlangoni, akaning'iniza koti, akaanza kunisimulia bibi mmoja kazini aliyemshika mkono akidhani ni mwanawe. Alikuwa na furaha. Nilimpakulia maharage na chapati tatu, akala zote, akalamba vidole, akasema leo nimepika vizuri kuliko siku zote. Akauliza Deo yuko wapi. Nikasema amekwama njiani. "Basi weka kanda," akasema. "Sisi tunatosha." Nikaiweka. Akakaa kwenye stuli, mgongo kwangu. Inspekta akapanda ngazi zake. Ndege ikapita, tukasimamisha, tukarudisha nyuma, akazipanda tena. Mwanamke akafungua mlango. "Mumeo amekufa," akatafsiri Dada Rehema kwa sauti nzito, kisha akasonya kwa sauti yake mwenyewe. "Mtu hajapewa hata kiti. Hawana haya."

Nilikuwa nimenyamaza mno. Akageuka nusu, ananitazama kwa pembe ya jicho, na nikaona ile sura ya inspekta inamjia. "Leo umekaa kama mshukiwa," akasema. "Una jambo. Fräulein Asteria, leo asubuhi ulikuwa wapi?" Akanyamaza, anatabasamu, ananingoja nijae mtegoni mwenyewe kama siku ile. Akaurudisha uso kwenye runinga, bado ananingoja.

Nimepewa miaka karibu thelathini ya kutafuta kisingizio na sijakipata. Sikuteleza. Sikuwa nimelemewa na siri. Nilitaka aumie, na nilitaka aumie mbele ya zile kanda zake. Nikasimama, kwa sababu inspekta husimama. Nikasema, "Ihr Mutter ist tot."

"Ihre," akasema, hakugeuka. "Mama ni mwanamke, unaongeza e. Ihr ni ya mume. Nimekufundisha mpaka nimechoka. Sema tena."

Nikasema tena. "Ihre Mutter ist tot."

"Hapo sawa," akasema. Ndipo akageuka akaniona uso.

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na maswali yalikuwa yale yale ya kwenye kanda. Lini? Alfajiri. Nani kasema? Mjomba Hatibu. Wamezika? Baada ya alasiri. Nani mwingine anajua? Deo. Bi Mwajuma, wanakuja. Na wewe umejua tangu saa ngapi? Saa mbili, nikasema. Nikaona anahesabu: saa tano za kuwaogesha wazee wa watu na kucheka nao, kisha chapati tatu. Nikanyoosha mkono kuizima deki. "Iache," akasema. "Iishe." Akanipa mgongo, akaendelea kutafsiri. Aliigiza sauti zote, ya puani, ya mlevi, hakuruka mstari. Nilisimama nyuma ya kochi sikuthubutu kukaa. Ilipofika mahali ambapo siku zote alikuwa anatuficha, hakuficha. "Muuaji ni mwanamke," akasema, akiitazama runinga. Kanda ilikuwa bado na nusu saa.

Saa kumi Bi Mwajuma akaingia na Deo, na khanga mpya mkobani, na sura ya mtu anayepita tu kusalimia. Dada Rehema aliwakaribisha, akawapa chai. Bi Mwajuma akaanza: kuna simu imepigwa kutoka Tanga, mama hajisikii vizuri. "Anaumwa nini?" akauliza Dada Rehema. Presha, akasema Bi Mwajuma, imempanda. "Maskini, tangu lini?" Tangu jana, na hali si nzuri sana, mwanangu. Alimwacha Bi Mwajuma ajikongoje na habari yake, ngazi moja baada ya nyingine, naye akapanda naye, anauliza panapofaa kuuliza, mkono kifuani panapofaa mkono. Hakunitazama hata mara moja. Neno lilipotamkwa alianguka chini, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia na sitaki kukisikia tena, na Bi Mwajuma akamdaka kwa ile mikono iliyokuwa imeandaliwa. Baadaye, jikoni, Bi Mwajuma aliniambia, "Unaona? Mtu akiambiwa taratibu, analia vizuri." Deo akakubali kwa kichwa. Mimi nilikuwa ninaosha sahani ya maharage.

Sikujua, na hata leo sijui, kama alinifichia siri au alinifunga nayo. Angesema neno moja tu siku ile, hakuna nyumba ya Mtanzania katika mji huu ambayo ingenifungulia mlango. Hakusema. Jumamosi iliyofuata aliweka kanda kama kawaida, ila tangu siku ile hakutubana roho tena. Mchezo ukianza tu, anasema, "Muuaji ni mwanamume," au "Muuaji ni mwanamke," kisha ndiyo anatafsiri. Deo alilalamika, akasema utamu wote umekwisha, akaacha kuja. Tukabaki wawili, mimi kwenye kochi na yeye kwenye stuli, tukitazama mambo ambayo tayari tunayajua. Nilihama mwisho wa mwaka. Tuliendelea kualikana, arusi, Idi, Krismasi, na alipojifungua binti, akampa jina la mama yake, Zaina, alinipa nimbebe kabla ya watu wote. Nilimbeba. Hatukulitaja kamwe. Deo alirudi Moshi, kanda za Gudrun zikaliwa na unyevu kwenye chumba cha chini, na mimi nikazeeka nikijiambia kwamba amesahau.

Jumanne ya wiki ya msiba huu, saa tatu asubuhi, nilikuwa jikoni nikingoja chai ichemke. Simu ikalia. "Anti Asteria, ni Zaina," akasema. Kisha akaniuliza, kwa kile Kiingereza chake, kama nimekaa au nimesimama. Nikamwambia nimesimama, mwanangu, kuna nini? "Good," akasema, "kwa sababu Mama ameandika hapa kwamba lazima uwe umesimama." Nikasikia karatasi. Akaniambia yeye hajui Kijerumani, anasoma tu kama ilivyoandikwa, nimvumilie. Akasoma neno moja moja, polepole, mtoto wa kike niliyembeba kabla ya watu wote: "Meine. Mutter. Ist. Tot." Mama yangu amekufa.

Chai ilifurika ikazima jiko. Upande wa pili alikuwa kimya, ananingoja, na kimya chenyewe nilikitambua kilikotoka.

"Anti?" akasema mwishowe. "Nimesema sawa? Mama ameandika nisikate simu mpaka uniambie kama nimesema sawa."

"Hapo sawa," nikamwambia.